Nairobi–Kisii dakika 45: hizo dakika zinahesabiwa kutoka mlango wa nani?

Uzi wa leo ni wa wale wote wamechoka kusikia ahadi ya uwanja wa ndege Gusii, na pia wa wale bado wanaingoja. Sheria ya ukurasa ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunafungua hoja tuone ndani kuna nini. Ni mrefu kidogo, kwa hivyo chukua chai.

1/
Hoja yenyewe mnaijua. Mgombea anapanda juu ya gari, iwe ni Masimba, Keroka au Nyamira mjini, anashika maikrofoni na kusema kwamba akichaguliwa, kutoka hapa mpaka Nairobi itakuwa ni dakika 45 tu. Watu wanapiga vigelegele. Mpinzani wake anakuja wiki inayofuata na kusema huo ni uongo, ndege ni za matajiri. Watu wanapiga vigelegele tena. Sasa nani mkweli? Jibu ni kwamba wote wawili wanaongea juu ya namba tofauti, na hakuna anayekueleza ni namba gani.

2/
Kuna namba tatu hapa na lazima tuzitenganishe. Ya kwanza ni umbali wa angani, yaani mstari ulionyooka kati ya miji miwili. Ya pili ni muda wa ndege, kutoka inapoondoka maegesho mpaka inaposimama upande wa pili. Ya tatu ni muda wa safari, kutoka mlango wa nyumba yako mpaka mlango wa pale unapoenda. Kwenye kampeni utasikia ya kwanza na ya pili. Ile ya tatu, ambayo ndiyo unaishi nayo, haitajwi.

3/
Tuanze na ya kwanza. Nairobi mpaka Kisii angani ni kama kilomita 240 hivi. Kwa barabara, ukipitia Mai Mahiu, Narok, Bomet na Sotik, inapita kilomita 300. Tofauti inatokana na Bonde la Ufa: gari lazima literemke, livuke, lipande tena, na lizunguke milima. Ndege haijui mteremko. Hapo mgombea ana haki kabisa, angani ni karibu.

4/
Ya pili. Ndege za propela za safari za ndani, zile zinazobeba abiria 40 mpaka 70, zikiwa juu hukimbia karibu kilomita 500 kwa saa. Kilomita 240 kwa mwendo huo ni nusu saa. Mbona basi isiwe dakika 30? Kwa sababu ndege inatembea chini kwanza, inangoja zamu yake, inapanda polepole, na kabla ya kutua inapunguza mwendo na kujipanga. Nairobi–Kisumu, ambayo ni kama kilomita 280 angani, kwenye ratiba huwa ni dakika 45 mpaka 50. Kwa hivyo dakika 45 za Kisii si uongo. Ni namba halali, ila si namba yako yote.

5/
Hii tabia ya kuhesabu kipande cha kasi na kusahau vingine ni ya zamani sana hapa kwetu. Turudi nyuma kidogo.

Kabla ya reli, misafara kutoka Mombasa mpaka Ziwa Victoria ilienda kwa miguu kwa miezi. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, na Desemba 1901 ikafika ziwani Kisumu, mahali Waingereza walipaita Port Florence. Miezi ikawa siku. Hayo ndiyo mapinduzi makubwa zaidi ya muda wa safari katika historia ya Kenya, hata ndege haikupunguza kiasi hicho.

6/
Lakini angalia ramani. Reli ilipita Nakuru, ikapanda Londiani, ikashuka Muhoroni mpaka Kisumu. Nyanda za Gusii zikabaki kusini, bila hata stesheni moja. Makao ya wilaya ya South Kavirondo yalikuwa Karungu, kule ziwani, na yalihamishiwa Kisii 1907. Mtu au mzigo wa kwenda Kisii ulishuka kwenye treni Kisumu, ukapanda meli mpaka Kendu Bay, halafu ukapanda milima kwa miguu, baadaye kwa mkokoteni na lori. Na barabara nyingi za kwanza za Kenya zililimwa na wananchi wenyewe kwa kazi ya lazima chini ya machifu, bila malipo.

7/
Kwa hivyo mtu wa Kisii alipata treni bila kupata treni. Kipande kirefu, Mombasa mpaka Kisumu, kilifupishwa sana. Kipande kifupi, ziwa mpaka kijijini, kikabaki vile kilikuwa. Weka hilo akilini kwa sababu litajirudia.

8/
Sasa ndege. Mwaka 1929 mama mmoja Mwingereza, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways hapa Nairobi. Jina lake ndilo hilo mnalolisikia kila siku, Wilson Airport. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways likafungua njia kutoka London kuja Afrika Mashariki mpaka Mwanza, na Kisumu ikawa kituo. Januari 1932 njia ikaendelezwa mpaka Cape Town. Mwaka 1937 zikaja ndege za majini, zile zinazotua juu ya maji, na Ziwa Victoria lenyewe likawa uwanja wa ndege. Yaani Kisumu ilikuwa kwenye ratiba ya dunia wakati miji mingi ya bara hili haikuwepo hata kwenye ramani ya marubani.

9/
Hapa kuna hesabu tamu. London mpaka Cape Town 1932 ilikuwa safari ya siku 11 kwa ratiba. Njia hiyo ilizidi kilomita 12,000, na ndege za wakati huo zilienda kama kilomita 160 kwa saa. Piga hesabu: ni kama saa 80 hewani, siku tatu na kidogo. Siku zingine zilienda wapi? Ndege hazikuruka usiku kwenye njia hii. Zilitua mara kwa mara kuongeza mafuta. Abiria walilala hotelini, wakabadilisha ndege njiani, na kuvuka sehemu ya Ulaya kwa treni. Tangazo lilikuwa juu ya ndege. Safari yenyewe ilikuwa juu ya kungoja.

10/
Miaka karibu mia imepita na kanuni bado ni ile. Oktoba 28, 2018 Kenya Airways ilianza kuruka Nairobi–New York moja kwa moja, karibu kilomita 11,800. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama 14, kwa sababu kurudi upepo mkali wa juu unasukuma ndege kutoka magharibi. Watu wengi wa Gusii wana ndugu Marekani, Minnesota wamejaa. Waulize watakwambia: bahari inavukwa kwa usingizi mmoja, halafu Nairobi mpaka boma ndiyo inakuvunja mgongo. Wanaosindikiza mwili wa marehemu kutoka ng'ambo wanajua zaidi. Kontinenti mbili kwa siku moja, na kilomita za mwisho gari limekwama kwa matope na wazee wanatafuta vijana wa kusukuma.

11/
Sasa tuje kwa namba ya tatu, muda wa safari. Nitachukua Masimba, wadi ya Nyaribari Masaba, kaunti ya Kisii, kwa sababu iko upande wa mashariki, mbali na viwanja vyote viwili tutakavyotaja. Makadirio haya ni ya siku ya kawaida, bila mvua kubwa na bila msongamano wa Desemba. Badilisha kulingana na kwako.

Kwa barabara: Masimba, Keroka, Sotik, Bomet, Narok, Nairobi. Kama saa sita.

12/
Kwa ndege kupitia Kisumu: Masimba mpaka Kisii mjini na kungoja matatu ijae, saa moja. Kisii mpaka Kisumu, zaidi ya kilomita 100, saa mbili na nusu. Kufika mapema kwa ukaguzi, saa moja. Hewani, dakika 50. Kushuka na kuchukua mzigo, nusu saa. Kutoka JKIA mpaka mjini, saa moja, na hiyo ni ukibahatika. Jumlisha: karibu saa saba.

Umeona? Ndege ya dakika 50 imekupeleka Nairobi ukiwa umechelewa kuliko mwenzako aliyepanda matatu Keroka. Na umelipa nauli mara kadhaa ya yake. Ni kwa sababu Kisumu iko kaskazini na Nairobi iko mashariki, umeanza safari kwa kwenda upande usio wako.

13/
Kwa ndege kutoka Suneka. Pale Suneka, kwenye barabara ya Kisii kwenda Migori, kuna kiwanja kidogo cha ndege, na hicho ndicho huwa kinatajwa kwenye mikutano. Tuseme kinafanya kazi kila siku, ratiba haikosi. Masimba mpaka Kisii, saa moja. Kupenya Kisii mjini mpaka Suneka, dakika 40. Ukaguzi, saa moja. Hewani, dakika 45. Kushuka, dakika 20. Wilson mpaka mjini, dakika 40. Jumla ni saa nne na nusu hivi. Umeokoa saa moja na nusu.

Saa moja na nusu si kitu kidogo. Lakini pia si "dakika 45 badala ya saa sita". Aliyepiga hesabu ya jukwaani amekuongezea zaidi ya saa tatu ambazo hazipo.

14/
Sasa swali gumu: ni nani anaokoa hizo saa? Tuchukue mtu wawili. Wa kwanza anaenda Nairobi kwa ndege mara mbili kwa mwaka, kwenda na kurudi. Hizo ni safari nne, ameokoa saa sita kwa mwaka. Wa pili ni mama anayeuza ndizi Kisii mjini mara tatu kwa wiki. Kama barabara ya kutoka kwake ingetengenezwa, saa moja ikawa nusu saa, angeokoa saa tatu kwa wiki. Kwa mwaka ni zaidi ya saa 150. Mtu mmoja, barabara moja.

Ndiyo maana wataalamu wa usafiri hawaulizi tu ni dakika ngapi zimepunguzwa. Wanauliza ni dakika ngapi, mara watu wangapi, mara safari ngapi.

15/
Na mizigo je? Utasikia kwamba uwanja utabeba mazao yetu. Tuangalie zao kwa zao. Majani chai ya viwanda kama Kiamokama huenda kwa lori mpaka Mombasa, kwenye mnada uliohamia huko kutoka Nairobi 1969, halafu meli. Chai kavu haiharakishi. Ndizi zinaenda kwa lori Nairobi na miji mingine, bei yake kwa kilo haiwezi kulipa ndege. Parachichi za kuuza nje husafiri sana kwa makontena ya baridi baharini. Vinyago vya mawe vya Tabaka ni vizito kama jina lake. Kinacholipa ndege ni kitu chepesi, ghali, na kinachooza haraka, kama maua. Mgombea akisema "mazao", muulize zao gani, na nani amelipima.

16/
Wengine wameshapita njia hii, tujifunze kwao. Eldoret ilipata uwanja wa kimataifa 1997, na njia ya kurukia ya karibu kilomita 3.5. Ulibishaniwa sana bungeni na magazetini, na hadi leo unajulikana zaidi kwa ndege za mizigo na safari za Nairobi kuliko kwa abiria wa ng'ambo. Isiolo ulifunguliwa 2017, na wakulima wa miraa wa Meru waliambiwa mengi. Lakini njia ya kurukia ni kama kilomita 1.4, ndogo kwa ndege kubwa ya mizigo iliyojaa, na miraa bado inakimbizwa Nairobi kwa pikapu. Kisumu kwa upande mwingine uliongezwa njia mpaka kilomita 3.3, ukafunguliwa kama wa kimataifa 2012, na una ndege za Nairobi kila siku. Kilichotofautisha Kisumu ni abiria waliokuwepo tayari. Uwanja ulifuata watu.

17/
Kuna pia jambo la kimwili ambalo halitajwi. Nyanda za Gusii ziko juu, sehemu kubwa inapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, mabawa na injini zinapata nguvu kidogo, kwa hivyo ndege ile ile inahitaji njia ndefu zaidi kuruka kuliko Mombasa. Ongeza mvua zetu za alasiri zenye radi na mawe. Ardhi nayo, mnajua vile shamba la Gusii limegawanywa mpaka likabaki kipande. Kila mita mia ya kurefusha njia ni mashamba ya watu na makaburi ya wazee wao. Huwezi kusema "uwanja mkubwa" bila kusema ni boma za nani zinahama na fidia inalipwa lini.

18/
Sasa, ni kazi ya nani? Hapa ndipo wengi hudanganywa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka usafiri wa anga chini ya serikali ya kitaifa. Viwanja vya umma kwa kawaida viko mikononi mwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na leseni na usalama viko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kaunti imepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma. Kwa hivyo anayegombea ugavana akikuahidi uwanja wa ndege, anakuahidi kitu kilicho kwenye bajeti ya mtu mwingine. Anaweza kushawishi, anaweza kusaidia ardhi ipatikane, anaweza kujenga barabara ya kuufikia. Lakini ile barabara mbovu ya kaunti inayopita nyuma ya soko ni yake moja kwa moja. Hiyo hana wa kusingizia.

19/
Ili tusiegemee upande mmoja, tuwape haki wanaotaka uwanja. Moja, dharura. Madaktari wa ndege wa AMREF wameruka kutoka Wilson tangu 1957, na kila mtu aliyewahi kungoja ambulensi ya kupeleka mgonjwa Nairobi usiku anajua thamani ya kiwanja kinachotua ndege. Kwa kazi hiyo huhitaji uwanja wa kimataifa, unahitaji njia safi, yenye ua, isiyo na ng'ombe. Mbili, madaktari bingwa, wahadhiri na wawekezaji huja kwa urahisi zaidi wakijua watarudi siku hiyo hiyo. Tatu, haki. Reli ilitupita. Kodi yetu imejenga viwanja vya wengine. Mtu akisema "na sisi pia", hilo si jambo la kuchekwa.

20/
Lakini hata dharura ina namba ya tatu. Mama aliyepata matatizo ya uzazi usiku kijijini hafi kwa sababu Suneka hakuna ndege. Mara nyingi hatari yake iko kati ya kitanda na lami: bodaboda haipandi, mto umefurika, gari halijapatikana. Mgonjwa asiyefika hospitali ya Kisii hatafika kwenye ndege. Ni kile kile cha Kendu Bay zaidi ya miaka mia iliyopita, kipande kirefu kimefupishwa na kifupi kimesahaulika.

21/
Kwa hivyo msimu ukifika, usipige vigelegele wala usizomee kwanza. Uliza haya:

– Dakika 45 kutoka wapi mpaka wapi? Mlango kwa mlango ni saa ngapi?
– Njia ya kurukia itakuwa na urefu gani, na inatosha ndege ya aina gani?
– Abiria wangapi kwa siku, na nani amewahesabu?
– Ardhi inatoka kwa nani, na fidia iko kwenye bajeti ya mwaka upi?
– Ofisi unayoomba, Katiba inakupa hii kazi ama unaazima?
– Barabara ya kutoka kijijini kwangu mpaka lami, inakuja kabla ya ndege au baada?

22/
Mtu akikujibu hayo yote vizuri, mpigie kura na uwanja ujengwe, nitakuwa wa kwanza kununua tiketi. Asipoweza kujibu hata la kwanza, basi anakuuzia umbali wa angani kwa bei ya muda wa safari.

Walio Masimba, Gesusu, Kiamokama, Ichuni, Nyamasibi: tuandikieni chini hapa. Kutoka mlangoni kwako mpaka lami ni dakika ngapi wakati wa jua, na ni ngapi wakati wa mvua? Hizo mbili tu. Tukizikusanya, mgombea yeyote akija tutakuwa na hesabu yetu mkononi kabla hajashika maikrofoni.